Kwa Nini Ruta Imeiacha Faiba na Kufuata Redio?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja mkoani Iringa. Tawi letu limeunganishwa na makao makuu kwa faiba, na ruta (vifaa vinavyoelekeza data) za pande zote mbili, ambazo ni za Cisco, hupashana habari za njia kwa itifaki ya OSPF. Hivi karibuni tulifunga redio kati ya minara miwili ili itumike faiba ikikatika, nami nikaandika kwenye ruta ya tawi njia tuli, yaani iliyowekwa kwa mkono na isiyobadilika yenyewe, ya kwenda mtandao wa makao makuu, yaani 10.20.0.0/16, kupitia redio hiyo. Tangu hapo kutuma mafaili makao makuu kumekuwa kuzito mno, ingawa kupakua kutoka huko kunaendelea karibu kama kawaida. Faiba ni nzima. Je, ruta haioni kwamba faiba ina kasi zaidi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, ruta yako haikulinganisha kasi ya faiba na ya redio hata kidogo, kwa sababu uamuzi ulikwisha kufanyika kabla ya kufika huko. Kila itifaki ina kipimo chake: RIP, itifaki nyingine ya njia, huhesabu ruta zilizopo njiani na kuishia 15, OSPF hujumlisha gharama zinazotokana na kasi ya viungo, na njia tuli iliyoandikwa kwa mkono haina kipimo chochote cha maana. Kuzipambanisha namba hizo ni sawa na kuuliza kama kilo tatu zinazidi lita ishirini. Kwa hiyo, ruta inapopata habari za mtandao ule ule kutoka vyanzo viwili tofauti, hutazama kwanza kiwango cha kuaminika kwa chanzo chenyewe, yaani umbali wa kiutawala, ambao ni namba kati ya 0 na 255, na ndogo ndiyo inayoshinda.

Katika ruta za Cisco, mtandao uliounganishwa moja kwa moja hupewa 0, njia tuli 1, BGP ya nje 20, EIGRP ya ndani 90, OSPF 110, RIP 120 na BGP ya ndani 200 (BGP na EIGRP nazo ni itifaki za njia). Mantiki ya ile 1 ni kwamba fundi aliyeandika njia kwa mkono anajua anachokitaka. Njia yako ya redio ilikuja na 1, ya faiba ilikuwa na 110, na ruta ikakutii.

Maelezo yako kuhusu kupakua yananithibitishia jambo hili. Umbali wa kiutawala ni siri ya ruta moja. Hautangazwi kwa majirani. Ruta ya tawi ilihamia kwenye redio, lakini ya makao makuu, ambayo hukuigusa, imeendelea kurudisha data kwa faiba. Ndiyo maana uzito umeonekana upande mmoja tu.

Tiba ni kufuta mstari wa zamani na kuuandika upya ukiwa na namba iliyozidi 110 mwishoni, kwa mfano:

ip route 10.20.0.0 255.255.0.0 192.168.50.2 130

Weka anwani halisi ya redio ya upande wa pili mahali pa 192.168.50.2. Usiandike 255 ukidhani ndiyo akiba ya mwisho kabisa, kwani kwa Cisco namba hiyo humaanisha kwamba njia isitumike kamwe. Ukiangalia jedwali la njia la ruta baada ya hapo utaona herufi O na mabano kama [110/20], ambapo 110 ni umbali wa kiutawala na 20 ni gharama ya OSPF. Njia tuli haitaonekana humo, nawe usishtuke: imebaki kwenye usanidi na itaingia jedwalini ile ya OSPF itakapoondoka. Kisha andika njia ya akiba ya namna hiyo hiyo kwenye ruta ya makao makuu kuelekea mtandao wa tawi, la sivyo faiba itakapokatika data zenu zitafika huko na kukosa njia ya kurudi.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba namba hizi hulinganishwa pale tu ambapo mtandao na urefu wake, yaani namba iliyo baada ya mkwaju kama ile /16, ni vile vile. Pakiti, yaani kipande cha data, inapopita, ruta huchagua kwanza njia iliyo mahususi zaidi, yaani yenye urefu mkubwa zaidi. Kama ungeandika njia tuli ya 10.20.5.0/24 kupitia redio, pakiti za anwani hizo zingepita redioni hata kama ungeipa 250, maana OSPF inatangaza /16 pekee na hapangekuwa na cha kushindana nacho.

Kuhusu kukatika kwenyewe, mpango wenu wa OSPF kwenye faiba ni mzuri. Faiba ikikatwa mbele ya kifaa kingine cha kati, mlango wa ruta unaweza kubaki hai, lakini OSPF, kwa mipangilio ya kawaida ya Ethernet, humtangaza jirani kuwa amepotea baada ya sekunde 40 za kimya, na redio hupokea kazi. Njia tuli kwenye faiba isingegundua hilo bila kuongezewa ufuatiliaji. Redio nayo muifuatilie kila siku, kwani ikifa wakati faiba ni nzima, jedwali halitaonyesha dalili yoyote.

Mkinunua ruta za kampuni nyingine, soma namba zake kwanza. Kwa Huawei, OSPF ya ndani ina 10 na njia tuli ina 60, kwa hiyo mstari wako wa awali ungekaa kama akiba bila kuongezewa chochote. Lakini njia zilizoingizwa kwenye OSPF kutoka nje zina 150, na hizo njia tuli ingezishinda.