Umri wa mapango ya Amboni haupimwi kwa kaboni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natembeza wageni kwenye mapango ya Amboni, hapa Tanga. Siku zote huwaambia mapango yana miaka milioni 150. Juzi mama mmoja akaniuliza, "Mmejuaje?" Nikamjibu kwamba yalipimwa kwa kaboni. Kulikuwa na mwanafunzi kwenye kundi, akacheka, akasema kaboni haifiki huko. Niliona aibu. Nani yuko sahihi? Na yale mawe yanayoning'inia juu, umri wake hujulikanaje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kucheka hakukuwa adabu, lakini mwanafunzi kasema kweli. Kosa lako lina sababu: jiwe la chokaa lenyewe limejaa kaboni. Tatizo ni aina ya kaboni.

Kaboni ya kawaida ina protoni 6 na neutroni 6. Juu sana angani, miale itokayo mbali huko nje ya dunia hupiga hewa na kufyatua neutroni. Neutroni ikigonga atomu ya naitrojeni, huweza kuigeuza kaboni-14, yenye protoni 6 na neutroni 8. Hii haitulii. Polepole hurudi kuwa naitrojeni, na kila ikipita miaka 5,730, nusu ya zilizobaki huwa zimegeuka. Atomu ipi itageuka lini, hakuna ajuaye, ila zikiwa mabilioni kwa mabilioni hesabu ya nusu hutimia. Mti ulio hai huingiza kaboni-14 pamoja na hewa kila siku. Ukikatwa na kuchomwa mkaa, hauingizi tena, inabaki kupungua tu. Kwa hiyo mkaa wa jikoni kwa watu wa kale wa Tongoni, kwenye magofu yale ya pwani karibu na Tanga, ungepimika kwa njia hii, ambayo ilimpatia Willard Libby wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Ikizidi miaka 50,000 hivi, kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Nilipokuwa chuoni nilipiga hesabu moja ambayo sijaisahau: hata dunia yote ingekuwa kaboni-14 tupu, kabla ya miaka milioni moja kutimia isingebaki hata atomu moja. Sasa wewe unataka milioni 150!

Hata hivyo, tarakimu yako haiko mbali. Chokaa ya Amboni ni ya zama za Jurasi, kati ya miaka milioni 201 na 145 iliyopita, matope ya bahari yaliyoshikamana na kuwa mwamba. Miamba ya namna hii husomwa kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Wa kutumainiwa zaidi ni amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza aliyekuwa na gamba lililojiviringa kama konokono. Aina zake zilibadilika upesi na kuenea bahari nyingi, kwa hiyo aina fulani ikionekana, wakati wake unajulikana. Miaka yenyewe hutoka pale ambapo tabaka lenye visukuku hivyo limepakana na majivu ya volkano. Majivu yana potasiamu-40, ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu yake huwa gesi ya agoni inayonaswa ndani ya jiwe. Hapa kwetu Olduvai, njia hiyo ndiyo iliyotoa miaka milioni 1.75 ya Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1961.

Kuna jambo moja ambalo mwanafunzi naye hakuliona. Huo ni umri wa mwamba, siyo wa pango. Tazama ukuta wa msikiti wa kale pale Tongoni: matumbawe yaliishi baharini zamani, fundi akaja kuyajenga baadaye sana, na kuvu la ukutani pengine ni la masika haya. Pango ni uwazi, na uwazi haupimiki. Maji yaliutoboa mwamba uliokwisha kuwapo. Kwa hiyo usiseme tena mapango yana miaka milioni 150. Sema mwamba wake.

Mawe yanayoning'inia ni madogo zaidi kwa umri, kwa kuwa hayawezi kuota kabla pango halijawapo. Maji ya mvua hupita kwenye udongo yakachukua kaboni dayoksaidi, yakayeyusha chokaa, na yakifika kwenye hewa ya pango gesi hutoka na chokaa huganda. Hapa saa ni urani. Urani huyeyuka majini, thoriamu karibu haiyeyuki kabisa. Jiwe huzaliwa na urani bila thoriamu, kisha urani iliyonaswa hugeuka thoriamu kidogo kidogo, na kwa kulinganisha hizo mbili tunarudi nyuma hadi kama miaka 500,000. Sampuli hukatwa kwa msumeno, maana jiwe hukua tabaka juu ya tabaka na kongwe liko katikati. Ukimulika tochi kwenye ncha ukaona tone linang'aa, hapo umri ni sifuri: urani ndiyo kwanza inaingia, thoriamu bado.