Tulale wapi njiani na karavani?

SWALI: Habari za kazi. Tupo Leicester, mimi, mzee na watoto watatu, tumenunua karavani ya mtumba ile ya kuvuta na gari na mwezi wa nane tunashuka nayo mpaka baharini kusini mwa Ufaransa. Kule tunakoenda tumeshabuku, shida ni njiani. Mzee anasema tukitoka Calais tulale tu kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu maana ni bure na choo kipo, mimi moyo unakataa kabisa. Kuna apu ina sehemu kibao za kulala bure, tuitegemee?
Mama wa watatu, Leicester

JIBU: Mama hongereni kwa karavani, ila kwa hili shemeji anisamehe, nipo upande wako. Vile vituo ni vya kunyoosha miguu na kula mkate, usiku malori yanajaa mpaka kwenye njia, injini za mafriza zinanguruma hadi asubuhi, halafu wezi wanajua fika kwamba karavani yenye namba za Uingereza mwezi wa nane ndani mna pasipoti na hela ya likizo, na kitasa cha karavani unakijua kilivyo.

Apu ni nzuri lakini soma vizuri. Nyingi ya sehemu mnazoziona humo wafaransa wanaziita aire na ni za kempa, yaani gari lenye nyumba humohumo, ya kuvuta kama yenu mara nyingi hairuhusiwi, na hata kama hakuna kibao, mkiingia na gari na karavani nyuma yake mtageuzia wapi hapo?

Nyie tafuteni "camping municipal", ni kempingi za halmashauri, miji mingi midogo inazo, bei ya kawaida, bafu safi, mbwembwe hakuna. Calais mpaka baharini ni zaidi ya km 1,000 kwa hiyo na karavani ni kulala mara mbili. Mkichelewa kushuka kwenye feri kuna mji wa Laon, upo pembeni tu ya barabara kuu ya A26, km 200 na kidogo kutoka Calais, usiku wa pili miji ya Beaune au Mâcon. Hizo mbili kila anayeshuka kusini anazijua, hasa Beaune, kwa hiyo pigeni simu kabla au mfike saa tisa alasiri, mkifika saa mbili usiku mtakuta mtu ameshakunja kiti anakunywa divai kwenye nafasi yenu. Mchana risepsheni nyingi zinafungwa saa sita mpaka saa nane, watu wanakula, usigonge. Na ombeni nafasi ndefu ili msifungue karavani kwenye gari, asubuhi mnachomoa waya wa umeme mnaondoka.

Huo umeme sasa, ulizeni ni ampea ngapi. Kempingi nyingi za hivi wanatoa 6, maana yake wati 1,380 hivi, na birika la Uingereza linakula karibu 3,000, shemeji akiwasha tu chai ya asubuhi umeme unakatika, mnaanza kumtafuta mlinzi akawashe swichi. Nunueni birika dogo la chini ya wati 1,000, na adapta ya soketi za kifaransa.

Siku ya kusafiri pia angalieni. Serikali yao inatoa kalenda ya foleni inaitwa Bison Futé, kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi, na Jumamosi za kuanzia mwisho wa Julai wa likizo ya Julai wanarudi wa Agosti wanaenda, hapo kati ya miji ya Lyon na Orange ni kukaa tu na jua la kichwani. Ondokeni Jumanne.

Ah, na kama kuna bwawa, bukta pana za wanaume huwa wanazikataa, wanataka zile za kubana. Mwandae shemeji kisaikolojia.

SWALI: Jamaa yangu wa Oslo anasema Norway na karavani unalala popote, sheria inaruhusu. Kweli?
Baba wawili, Göteborg

JIBU: Nusu kweli kaka. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa mtu haki ya kutembea na kupiga hema porini, mita 150 kutoka nyumba ya watu, siku mbili bila kumuomba mwenye ardhi. Gari kuacha barabara na kuingia porini hapana, kwa hiyo na karavani unabaki kwenye maegesho na hapo ni kibao kinachosema, na sehemu kama visiwa vya Lofoten huko kaskazini vibao vya kukataza kulala vimejaa. Kempingi zipo nyingi tu, na kule juu mwezi wa sita jua halizami, ukikosa nafasi saa nne usiku unasogea ya mbele bila taa ya mtu, ila piga simu kwanza kama kuna mtu risepsheni.