Wangetuuliza sisi wa Likoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wakati wa janga kama korona serikali inafaa kuwauliza wananchi kabla ya kuweka kafyu na kufunga miji, ama huo ni wakati wa kuamrisha tu. Mimi nasema iulize, na sio eti napinga masharti yenyewe, maski nilivaa na watoto nikawavalisha.

Kafyu ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sasa mtu yeyote wa Likoni anayevuka feri kila siku kuingia Mombasa mjini angekwambia papo hapo shida itatokea wapi. Mjini watu wanatoka kazini saa kumi, saa kumi na moja, na matatu ya abiria 14 ilishaambiwa ibebe 8, kwa hivyo stejini foleni, nauli imepanda, wengine wakaamua kutembea mpaka kivukoni, na feri nayo isijaze. Kila sharti ukilitazama peke yake lina maana lakini yote yakaja kukutana pale kwenye mteremko wa feri, maelfu ya watu wanataka kufika kwao kabla ya saa moja. Polisi wakaja na rungu na vitoza machozi, hata saa moja yenyewe haijafika! Watu wamelazwa chini kwenye lami, wengine wamesongamana wanakohoa kwa gesi, na ugonjwa wenyewe ndio ule wa kukaa mbalimbali. Simu moja kwa watu wa feri na wenye matatu ingetosha, waajiri waambiwe waachilie watu saa tisa, ama sisi tuongezewe muda hata wiki ya kwanza tu.

Siku chache baadaye Nairobi, Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakisimamia kafyu. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliomba radhi tarehe 1 Aprili, na tarehe 16 Jaji Weldon Korir akaamua kafyu ni halali lakini nguvu waliyotumia polisi sio halali. Nakubaliana naye. Ila katiba kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe, na sijaona mahali kimeandika isipokuwa wakati wa ugonjwa.

Mji wa Kale hapa Mombasa ndio uliniuma zaidi. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ukafungwa pamoja na Eastleigh kule Nairobi, haingii mtu hatoki mtu, Idi ikapita hivyo hivyo mpaka Juni. Sababu tuliyopewa ni kuwa watu wanakataa kupimwa. Sasa nani aliketi nao akawauliza mbona wanakataa? Shangazi yangu anakaa kule, Ramadhani huuza kachori na viazi vya karai, na hofu yake haikuwa ile pamba ya puani. Alihofia kupelekwa karantini, maana mwanzoni mtu alikuwa akiwekwa karantini analipa kutoka mfukoni mwake, wiki mbili, na biashara imelala, na watoto wanakula nini? Serikali ilikuja kusema itagharamia yenyewe Mei hiyo hiyo, baada ya watu kuteta wee. Maimamu na wazee wa mtaa walikuwa wanalijua hilo jambo kitambo.

Tena kuna hili la usawa. Kanuni zilisema usipovaa maski faini ni mpaka shilingi 20,000 ama jela miezi sita, hebu mwambie hivyo mtu wa mkokoteni. Julai mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya korona, Johnson Sakaja, akashikwa kwenye baa saa za kafyu, akakiri kosa, akatozwa 15,000 na akajiuzulu uenyekiti. Sawa, sheria ilimfikia, lakini yeye alisimama mbele ya hakimu, wetu wa Likoni walihukumiwa na rungu.

Wanaosema hakukuwa na wakati, kwa zile siku za kwanza nawaelewa, haya amrisheni, lakini baada ya wiki mbili rudini muulize. Kafyu ilikaa mpaka 20 Oktoba 2021, karibu mwaka mmoja na miezi saba, ikiongezwa na kuongezwa, na kila ikiongezwa tulisikia kwa televisheni. Chifu yuko, nyumba kumi ile ya majirani iko, maimamu na wachungaji wana simu. Muda wote huo mtaani kwetu hakuja mtu kutuuliza saa ngapi ingetufaa.