Mtambo wa upepo mita 600 kutoka nyumbani: kelele zake zina madhara?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mkulima wa alizeti hapa Singida. Tumeambiwa mitambo ya upepo itajengwa jirani na kijiji chetu, na ulio karibu zaidi utakuwa mita 600 kutoka kwangu. Watu wanasema kelele zake zinaleta uziwi na mifugo inatoa mimba. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Uziwi usiuhofu. Masikio huanza kuwa hatarini kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 85 kwa saa nane kila siku, na nyumbani kwako hazitakaribia huko. Kuhusu mimba, Marekani na Uingereza ng'ombe na kondoo huchungiwa chini kabisa ya mitambo hiyo.

Ninachokihofia mimi ni usingizi wako. Mtambo mkubwa hutoa takriban desibeli 105 kule kwenye mapanga. Kwa mita 600 hubaki kama 40. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zisizidi 45, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu wakadhani 40 ni salama. Hiyo 45 ni wastani wa siku nzima, ambamo kelele za jioni huongezewa 5 na za usiku 10. Mtambo unaovuma kwa 40 mchana kutwa na usiku kucha unafika 46. Ikiwepo miwili kwa umbali uleule, ongeza 3 nyingine.

Halafu kuna usiku wenyewe. Jua likizama ardhi hupoa haraka, upepo wa chini hutulia, majani hayatikisiki. Mita mia moja juu upepo bado una kasi. Kijiji kiko kimya, mtambo unazunguka: vuu, vuu, karibu kila sekunde, kila panga linaposhuka. Kupanda na kushuka huko kwa sauti ndiko kunakokera kuliko mngurumo wa mfululizo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari, na wanakijiji mna haki ya kusikilizwa. Katika mkutano, ombeni kelele za usiku zipimwe mlangoni kwenu kabla ya ujenzi, na hesabu ijumuishe mitambo yote, si mmoja mmoja. Mitambo ya kisasa inaweza kupunguzwa kasi usiku. Ahadi hiyo iandikwe. Ila ningekuwa wewe, ningedai kwanza mtambo usogezwe hadi kilomita moja. Hapo kelele hushuka kwa zaidi ya desibeli 4, na hakuna wa kumkumbusha ahadi kila usiku.