Meza ya barazani: weka chini hiyo gundi kwanza

Usiifungue hata kifuniko.

Umeandika kwamba umenunua mbao za mkaratusi kwenye depo hapa Goma, hazijamaliza wiki nyumbani, na Jumamosi unataka kuziunga ziwe ubao mmoja wa sm 60 kisha uuzungushie fremu pande zote nne. Halafu unauliza vernisi gani, rangi gani, meza iwe na kimo gani. Kimo cha nini, ndugu yangu? Kufikia mwezi wa nane hutakuwa na meza.

Hiyo meza mimi nimeshaitengeneza. Ilipendeza mno, kwa muda. Kona za fremu nilizikata digrii 45 zikakutana barabara, hata shemeji yangu, ambaye hasifu kitu kisicholiwa, akaipapasa akaomba nimtengenezee ya kwake. Nikaiweka barazani mvua zikielekea kuisha. Kiangazi kikaingia.

Sasa sikiliza, maana hili hakuna aliyeniambia. Mbao ikikauka hupungua upana. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Na mkaratusi ni mkorofi kupita mbao nyingi: ukianza nao mbichi, sm 60 za upana zinaweza kupoteza karibu sm 3 kabla haujazoea hewa ya hapa. Haya, tazama fremu yako. Vile vipande viwili vya vichwani nyuzi zake zimelala kukatisha upana wa ubao wote, kwa hiyo vyenyewe havifupiki. Ubao unataka kujivuta ndani, vipande vinakatalia pale pale, na wewe umevifungia pamoja kwa gundi na visi, yaani skrubu. Lazima mmoja ashindwe. Kwangu ulishindwa ubao: ulipasuka katikati usiku wa manane, kwa mlio uliowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Nikatoka na panga nikijua ni mwizi. Nikamkuta ni meza.

Ningeishia hapo ningeokoa nusu ya mbao. Lakini nilijaza ufa kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, nikapiga msasa, nikajisifu. Mvua za mwezi wa tisa zikarudi, mbao zikavimba, na ile nafasi ya kuvimbia nilikuwa nimeshaiziba mwenyewe. Ubao ukaisukuma fremu mpaka zile kona za digrii 45 zikaachama. Gundi yenyewe ilikuwa ile nyeupe ya makabati ya ndani. Ilipolowana ikalainika, ikawa ute. Mbao, visi, vernisi ya bei mbaya, vyote vikaishia kuchemshia maharage.

Na yule bwana wa depo! Aliniapia kwamba mbao zake zimekauka "kama mfupa". Akaupiga ubao ngumi nisikie mlio, na mimi nikatikisa kichwa utadhani mtaalamu. Nje zilikuwa za kijivu kwa sababu ya jua, nami nikaona huo ndio ukavu. Mbao iliyopasuliwa kwa tronsonezi, ule msumeno wa injini, huko Masisi, ikapakiwa kwenye Fuso, ikasimamishwa ukutani kungoja mjinga, imekauka saa ngapi? Mafundi wa zamani wanahesabu mwaka mzima kwa kila sm 2.5 za unene. Yeye alikuwa anahesabu siku za kulipa kodi ya nyumba. Wa pili ni yule jamaa wa video niliyoifuata hatua kwa hatua: dakika ishirini za kusifia vibano vyake, na hakutamka popote kwamba meza yake inakaa sebuleni.

Kwa hiyo, ukisahau yote shika hili: mbao ya nje haifungwi. Tengeneza uso wa meza kwa vipande vyembamba, sm 8 au 9 kila kimoja, viachane mm 6 hivi, na kila kimoja kikae chenyewe juu ya mihimili miwili ya chini. Kila kinapokutana na mhimili, kishikwe kwa visi, hakuna gundi kati ya kipande na jirani yake, hakuna fremu ya kuzunguka. Kila kimoja kitapungua na kuvimba kivyake, na maji ya mvua yatapita katikati badala ya kutuama. Mke wangu analalamika karanga zinaanguka chini. Kuku hawalalamiki.

Visi vitobolee njia kwanza, la sivyo mkaratusi utapasuka mkononi mwako. Na visiwe vya chuma kitupu. Unajua moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo unavyoyala mabati. Mvua inayopita humo ina asidi, na kichwa cha kisi hakisalimiki. Chuma kikilowana kwenye mkaratusi kinaacha pia doa jeusi ambalo msasa hautoi. Tafuta vya inoksi, chuma kisichoshika kutu, au angalau vilivyopakwa zinki.

Vernisi, uliyoiuliza kwa herufi kubwa, inachelewesha unyevu kuingia na kutoka. Haiuzuii. Ningekuwa na vernisi ya dhahabu ile fremu ingeachama vilevile.

Hizo mbao ulizo nazo zipange chini ya paa, mbali na ardhi, vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite, mawe mazito ya volkano juu zisipinde. Mawe hapa hatuna shida nayo. Ukitaka kujua hali yake leo, kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni maana mwisho hukauka mapema, ukipime, kisha ukikaushe kwenye oveni, joto kama digrii 100, mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 500 kikabaki 400, maji ni robo ya uzito wa mbao kavu, yaani asilimia 25. Kwa barazani ngoja zifike 15 hivi. Baada ya hapo chagua ubao mmoja uwe unaupima mzimamzima kila Jumapili kwa mizani ya muuza maharage, na uandike hapa kilo zake. Nikiona namba haishuki tena nitakuambia ukate.