Fremu ya steshenari, kompyuta tano, laki mbili mkononi: ninunue routa ipi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina fremu ya steshenari Sinza, kompyuta tatu ziko mbele, mbili chumba cha nyuma pamoja na printa, na mpaka leo kazi za wateja tunahamisha kwa flashi na virusi vyake vyote. Nataka ziungane bila waya. Muuzaji mmoja Kariakoo kanishauri routa ya antena sita, vidude vitano vya waifai vya kuchomeka USB, na ripita ya chumba cha nyuma. Bajeti ni laki mbili tu. Nichukue?
Dada wa steshenari

JIBU: Dada yangu usichukue, shika hela yako kwanza. Kompyuta ambayo haitoki mezani mwaka mzima ya nini kuitafutia waifai? Chungulia nyuma yake, karibu zote zina tundu la kebo ya mtandao tayari, kwa hiyo vile vidude vitano vinakula hela bure, na ripita ndo kabisa, maana nyingi za bei poa zinapokea na kurusha kwenye masafa yaleyale hivyo spidi inashuka karibu nusu.

Fanya hivi. Routa moja ya kawaida huwa na poti, yaani matundu, nne za kebo, tatu zinaenda kompyuta za mbele, ya nne unapitisha kebo ukutani mpaka kwenye swichi ndogo ya mtandao ya poti tano huko nyuma, kile kisanduku kinachogawa kebo moja kwa mashine kadhaa, hapo unachomeka zile mbili na printa kama ina tundu la mtandao na bado poti moja inabaki. Kama printa ni ya USB tu, iunge kwenye kompyuta moja uishirikishe kwa nyingine, ila hiyo kompyuta lazima iwe imewashwa.

Waifai iache kwa simu na laptopu. Antena usizihesabu, soma boksi kama routa ina masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, maana Sinza tulivyobanana kila fremu ina routa yake na kwenye 2.4 chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi, zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, ndo maana inakwama jioni. 5 GHz ina nafasi zaidi ila ukuta wa tofali unaimaliza haraka, kwa hiyo routa iweke juu ukutani, sio chini nyuma ya fotokopi kama wengi wanavyofanya.

Kebo ya mtandao chukua aina ya Cat5e, inafika mita 100 bila shida, ila hapa fungua macho. Mimi niliwahi kuuziwa roli zima la aluminiamu iliyopakwa shaba, ikawa inakatikakatika ovyo mwezi mzima nalaumu routa ya watu. Siku hizi nakwangua uzi mmoja kwa wembe palepale dukani, ukiona weupe ndani rudisha, shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati.

Ukishafunga, badilisha nywila ya kuingilia kwenye routa yenyewe, kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS, ile ya kuunga kifaa bila kuandika nywila, halafu wateja wafungulie mtandao wa wageni ili wasifike kwenye mafaili yako, wengine wanakuletea vyeti na vitambulisho vyao kuskani. Na ikibaki chenji nunua kiyupiesi kidogo (UPS) cha routa, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, ila soma volti chini ya routa yako kabla hujalipa, zipo za 9 na za 12.