Simama, lakini usisimame ghafla

Umeuliza kama upige picha za ndege na wanyama wa mjini huku unaendesha baiskeli, maana kila ukisimama ndege anaruka. Tafadhali simama. Mkono mmoja kwenye usukani na jicho kwenye kamera katikati ya magari ni hatari, na picha yenyewe hutoka imetikisika.

Mara nyingi kinachomshtua ndege si baiskeli, ni namna unavyosimama. Wanyama wa mjini wamezoea vitu vinavyopita. Wanachoogopa ni kitu kinachofunga breki ghafla na kuwaelekea. Kwa hiyo mpite kidogo bila kumkodolea macho, punguza mwendo taratibu, kisha weka mguu mmoja chini bila kushuka. Ukishuka umbo lako lote linabadilika, na hapo ndipo anapokimbia. Sikiliza pia gurudumu la nyuma: ukiacha kukanyaga, baiskeli nyingi hutoa ule mlio wa tiki-tiki-tiki. Endelea kukanyaga polepole mpaka unakaribia kusimama, utapita kimya. Na breki zinazolia zirekebishwe kabla hata hujafikiria kununua lenzi mpya.

Kamera ivae mwilini, mkanda ukipita begani hadi kifuani. Kwenye keria mtikisiko unaweza kulegeza skrubu za lenzi. Lenzi ya milimita 300, yaani ya kuvuta vitu vya mbali, inatosha kwa kuanzia. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/1000 ya sekunde kabla hujaondoka, kwa sababu kindi hatakusubiri uguseguse vitufe.

Ukikuta kiota chenye makinda, pita tu. Mzazi akiruka kwa hofu, makinda hubaki bila ulinzi.